Wanataka kumtoboa kaka yangu mgongo tena. Tukubali?

Shikamoo dada.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Naomba unijibu mapema, maana Ijumaa ndiyo siku ambayo ndugu wamepanga kumtoa kaka yangu hospitali.

Kaka ana miaka 34, ana mke na mtoto wa miezi minane. Anafanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu huku kwetu Kanda ya Ziwa. Mwezi uliopita alianza kulalamikia kichwa. Akanunua dawa ya mseto duka la dawa, hakupona. Zahanati wakamwambia ana taifodi, akachomwa sindano siku tano. Kichwa kikatulia kidogo, kisha kikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Wiki ya tatu akawa anatapika kila asubuhi, na akitaka kupiga simu anafumba jicho moja kwa sababu namba anaziona mbili mbili. Siku tuliyomleta hapa alikuwa anazungumza na marehemu baba kana kwamba amekaa mbele yake. Mama akasema ni malaria imepanda kichwani. Baba mdogo akasema kuna mkono wa mtu, kwa sababu kaka alikuwa ameanza kushika pesa.

Hospitali walitaka kumtoa maji ya uti wa mgongo siku ile ile. Tulikataa. Kitanda cha jirani kulikuwa na kijana aliyetolewa maji hayo mchana, usiku akafariki. Na kule tunakopikia, kina mama wote wanasema ukishatobolewa mgongo huponi, na ukipona unapooza. Siku ya pili mama alilia sana, baba mdogo akalegea, wakamtoa maji. Majibu yakaja kwamba ana fangasi kwenye ubongo. Daktari alitutamkia hivyo akiwa anapita vitandani, akaendelea na mgonjwa mwingine. Hakuna aliyekaa nasi kutueleza.

Jioni ile baada ya kutolewa maji kaka aliomba uji, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa siku nyingi. Lakini kesho yake kichwa kikarudi. Sasa wanasema watamtoa maji tena, na huenda ikawa kila siku. Baba mdogo amekataa kabisa. Ameshapata gari la kumpeleka kwa mtaalamu kijijini.

Dada, kuna jambo jingine ambalo nalijua mimi peke yangu. Akili ilipomrudia kidogo, kaka aliniambia kwamba ana VVU tangu 2019. Alikuwa anatumia dawa, akaziacha alipohamia machimboni, sasa ni zaidi ya mwaka. Mkewe hajui. Mama hajui. Nilimwambia daktari tu. Nikadhani wataanza kumpa ARV mara moja, lakini daktari akasema hapana, mpaka upite mwezi na zaidi. Kama shida ni kinga kushuka, mbona wanamnyima dawa ya kupandisha kinga? Wamekata tamaa naye?

Tena waliuliza kama anafuga njiwa. Anao wengi. Mama anataka wachinjwe wote.

Nisaidie. Atapona? Akili yake itarudi kama zamani? Na baba mdogo nimwambie nini?

Dada yake, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa kuuguza.

Kubalini atolewe maji tena, kesho na kila siku daktari atakayosema. Na Ijumaa asitoke. Naliweka hili mbele kwa sababu ndilo lenye haraka, na kwa sababu kwa ugonjwa alionao kaka yako, kutolewa maji ni kipimo na ni tiba pia. Hilo la pili, la tiba, watu wengi hawaelezwi, na nyinyi pia hamkuelezwa. Mlikuwa na haki ya kukaa chini na mtu na kuambiwa.

Ubongo na uti wa mgongo umezungukwa na maji. Mtu mzima ana kama mililita 150 kwa wakati mmoja, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, na yale ya zamani hufyonzwa kurudi kwenye damu kupitia vijitundu vidogo vilivyo juu ya ubongo. Fangasi aliyemwingia kaka yako anaitwa kriptokokasi. Amevaa ganda nene la utelezi, na ganda hilo ndilo linaloziba vijitundu vile. Maji yanaendelea kutengenezwa, pa kutokea hakuna, na fuvu ni mfupa, halitanuki. Ni kama karo lililoziba huku bomba liko wazi. Ndipo kichwa kinauma kiasi cha mtu kupiga ukuta, ndipo kutapika asubuhi, ndipo mshipa wa fahamu unaogeuza jicho unabanwa na mtu anaona vitu viwili viwili. Mgandamizo ukiachwa hivyo unaua mishipa ya macho na ya masikio, mgonjwa anapofuka au anakuwa kiziwi, kisha anapoteza fahamu. Wengi wanaokufa siku za mwanzo za ugonjwa huu huuawa na mgandamizo huo, hata kama dawa ya fangasi imeshaanza kuingia.

Sasa kumbuka ile jioni aliyoomba uji. Maji yalipopungua, kichwa kilipumua. Kesho yake kikarudi kwa sababu bado pameziba. Dawa huchukua siku nyingi kuwapunguza fangasi mpaka njia ifunguke. Kwa hiyo kurudi kwa maumivu hakuna maana kwamba kutobolewa kulimdhuru. Maana yake ni kwamba maji yamejaa tena.

Watakapomtoa maji, omba uwepo, au angalau uulize namba. Wanamlaza ubavu, magoti yanakunjwa yafike tumboni, kidevu kifuani, nesi anamshika mabega na mapaja asijinyooshe. Daktari anapapasa mfupa wa nyonga, anavuta mstari mpaka mgongoni, anahesabu pingili, anasafisha, anachoma ganzi. Sindano ikishaingia anaunganisha mrija mwembamba mrefu ulioandikwa sentimita, maji yanapanda ndani yake, anasoma yamesimama wapi. Kwa mtu mzima aliyelala ubavu kawaida ni chini ya 20. Kwenye ugonjwa huu 25 na kuendelea ni hatari, na 40 au 50 si jambo la ajabu. Hospitali ambayo haina mrija huo hutumia njia nyingine ya kukadiria, lakini swali lako libaki lile lile: "Presha ya maji ilikuwa ngapi kabla, na imekuwa ngapi baada ya kutoa?" Mara nyingi hutolewa mililita 20 hivi, pengine 30. Wanaoogopa kwamba maji yatamwishia waambie mwili huyarudisha ndani ya saa moja au mbili.

Kuhusu kupooza. Uti wa mgongo wenyewe unaishia juu kidogo ya kiuno, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, mahali ambapo pamebaki nyuzi za mishipa zinazoelea majini na kusogea sindano inapopita. Yapo madhara ya kweli: mgongo kuuma siku mbili tatu, kichwa cha aina nyingine kinachouma mtu akiketi na kupoa akilala, na mara chache sana kutokwa damu au kupata usaha. Wapo pia wagonjwa ambao si salama kuwatoa maji, kwa mfano mwenye uvimbe ndani ya kichwa au mwenye damu isiyoganda. Ndiyo maana daktari huangalia kwanza kama upande mmoja wa mwili umelegea, huchunguza macho, na panapopatikana CT skani, picha ya ndani ya kichwa, huipiga kabla.

Yule kijana wa kitanda cha jirani, Mungu amrehemu. Simjui na siwezi kusema alikufa na nini. Ninachojua kwa miaka niliyokaa wodi za magonjwa ya ndani ni kwamba wanaotobolewa mgongo ni wale wale ambao ugonjwa umeshafika ubongoni. Wengi wao familia zao zilikataa siku ya kwanza, zikakataa ya pili, zikakubali mgonjwa akiwa hajitambui. Akifa usiku, sindano ya mchana ndiyo inayobeba lawama, na habari hiyo inatembea kutoka jiko hadi jiko. Utafiti uliochapishwa 2014 uliwafuatilia wagonjwa wa kriptokokasi, ukawalinganisha waliotolewa maji angalau mara moja tena baada ya kile kipimo cha kwanza na wale ambao hawakutolewa. Hatari ya kufa siku za mwanzo ilikuwa pungufu kwa asilimia 69 kwa waliotolewa. Namba hiyo mpe baba mdogo kama ilivyo.

Mama alisema malaria imepanda kichwani, na hakuwa na wazo baya. Malaria kali inachanganya akili kweli, inaleta degedege na kupoteza fahamu, kwa sababu chembe za damu zenye vimelea huziba mishipa midogo ya ubongo. Lakini malaria hiyo huangusha mtu kwa siku chache. Kichwa cha wiki tatu, kinachopanda taratibu, kwa mtu mzima, kinataka kuulizwa maswali mengine. Kuna bakteria wa homa ya uti wa mgongo, ambao hushika kwa saa au siku, homa kali na shingo ngumu. Shirika la Afya Duniani linasema mmoja kati ya sita wanaougua hufa, na mmoja kati ya watano hubaki na madhara makubwa kama uziwi au kifafa. Kuna kifua kikuu kinachoingia ubongoni, huyu naye hutambaa kwa wiki kadhaa na matibabu yake ni ya miezi mingi. Kuna kimelea kiitwacho toksoplasma, ambaye hutengeneza vivimbe na mara nyingi hulegeza mkono na mguu wa upande mmoja. Kuna usaha unaotoka kwenye sikio lililooza muda mrefu bila kutibiwa, au unaoingia baada ya fuvu kupasuka kwenye ajali au baada ya upasuaji wa kichwa. Ukiwapanga wagonjwa hawa vitandani, wote wanaumwa kichwa, wote wanachanganyikiwa. Kwa macho huwezi kuwatenganisha.

Na kuwatenganisha ni lazima, kwa sababu dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Chukua dawa ya kupunguza uvimbe inayoitwa deksamethasoni. Mgonjwa wa kifua kikuu cha ubongo hupewa kama sehemu ya kawaida ya matibabu. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika nchi za Asia pamoja na Malawi na Uganda, wakiipima dawa hiyo kwa wagonjwa wa kriptokokasi. Ilibidi wausimamishe kabla ya muda, kwa kuwa waliopewa walipata ulemavu na madhara zaidi, na fangasi wao walichelewa kufa. Bila yale maji kupelekwa maabara, daktari angekuwa anakisia. Maabara wanayaweka kwenye kioo, wanachanganya na tone la wino mweusi, wanaangalia kwa hadubini: kila fangasi anaonekana mduara unaong'aa katikati ya giza, na ganda lake kama pete nyeupe kumzunguka. Kipimo kingine, CrAg, ni kijikaratasi kinachotoa jibu kwa dakika kumi.

Matibabu yenyewe. Ya msingi ni amfoterisini ya kwenye mshipa, pamoja na vidonge vya flusitosini, halafu flukonazoli. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika Malawi, Zambia, Kameruni na hapa Tanzania. Ulionyesha kwamba wiki moja ya amfoterisini na flusitosini inatosha kwa hatua ya kwanza, na ndilo kundi lililokuwa na vifo vichache kuliko yote, asilimia 24 kwa wiki kumi. Mwaka 2022 ukaja mwingine, wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, uliotumia amfoterisini iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta, ile ya laipozomu: dozi moja tu kubwa siku ya kwanza, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Matokeo hayakuwa mabaya kuliko ya wiki nzima, na madhara yalipungua. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaupendekeza mpango huo. Muulize daktari kaka yako anapata upi, na kama flusitosini ipo. Ikiwa haipo, ulizeni kama hospitali ya rufaa iliyo karibu inayo. Swali hili lina uzito, kwani flukonazoli peke yake, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa ikitolewa sehemu nyingi, iliacha zaidi ya nusu ya wagonjwa wakifa ndani ya wiki kumi.

Amfoterisini ya kawaida ina vurugu zake, msije mkadhani anakufa. Ikiingia anaweza kutetemeka kwa baridi na homa, mshipa unavimba, damu inapungua, na zaidi ya yote figo zinaumia na potasiamu, madini muhimu ya damu, inashuka. Ndiyo maana kabla ya dawa anatundikiwa dripu ya chumvi, na anapewa vidonge vya potasiamu. Wewe unayekaa naye fuatilia kama dripu imeingia yote, kama anakojoa, na uliza kila baada ya siku mbili tatu majibu ya figo na potasiamu yanasemaje. Nakuomba sana asiletewe dawa ya miti kwa siri kwenye chupa ya chai. Figo zinazopigana na amfoterisini hazina nafasi ya kupigana na kitu ambacho daktari hakijui.

Suala la ARV limekuumiza, na ninaelewa. Hawajamkatia tamaa. Kinga ya kaka yako imeshuka sana, na fangasi wamejaa ubongoni bila mwili kuwajibu. Ukiiamsha kinga ghafla leo, itawaona maadui wote kwa pamoja na kuwavamia, na vita hiyo inapiganwa ndani ya fuvu. Ubongo unavimba. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa 2014, uliwagawa wagonjwa 177: wengine walianza ARV ndani ya wiki moja au mbili, wengine walisubiri kama wiki tano. Baada ya miezi sita waliokufa ni asilimia 45 ya walioharakishwa, na asilimia 30 ya waliosubiri. Hapo ndipo inapotoka hiyo "mwezi na zaidi" ya daktari wako. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Kwa hiyo usimtafutie ARV mtaani, wala usimpe zile za zamani zilizobaki kwenye begi lake. Ila hizo wiki zikifika, aanze kweli, na tarehe iandikwe kwenye kadi kabla hajaruhusiwa.

Umeuliza kama atapona. Asipotibiwa, ugonjwa huu unaua; kwa mtaalamu kijijini atakufa, na nasema hivi bila kutaka kumvunjia heshima mtu yeyote. Akipata matibabu mazuri na maji yakatolewa ipasavyo, watu watatu kati ya wanne hivi wanafikisha wiki kumi wakiwa hai, na hizo ndizo wiki mbaya. Dalili njema kwake ni kwamba akili ilimrudia akaweza kukueleza mambo. Wanaofika wakiwa wamechanganyikiwa moja kwa moja hali yao huwa ngumu zaidi. Kuona mara mbili mara nyingi kunaisha presha ikishuka, ingawa huchukua wiki. Macho yakiwa yameshaharibika, au masikio, hapo huwa hakuna uhakika wa kurudi. Kumbukumbu, hasira za ghafla, kushindwa kumaliza kazi aliyoanza, haya utayaona miezi ya mwanzo nyumbani, na kwa wengi hupungua kadiri mwaka unavyokwenda. Mkewe na mama waelezwe mapema ili wasije wakasema amekuwa mkorofi. Na asishuke shimoni wala kupanda pikipiki mpaka kliniki waseme macho na mwili viko sawa.

Baba mdogo. Usibishane naye mbele ya watu, wala usimwambie hajui kitu. Amebeba familia tangu baba yenu afariki, na amekwenda kutafuta gari kwa sababu anampenda mtoto wa kaka yake. Mwombe muuguzi mkuu wa wodi, kwa adabu, awape daktari kwa dakika kumi mkiwa mmekaa: wewe, mama na baba mdogo. Kabla ya hapo mwambie daktari pembeni nini kisitajwe. Kisha mpe baba mdogo kazi: awe yeye anayeuliza ile namba ya presha kila mara na kuiandika kwenye daftari. Nimeona wazee waliokuja kutoa mgonjwa wakageuka kuwa walinzi wa tiba, kwa sababu waliona kwa macho yao namba imetoka 42 ikawa 18 na mtoto akafungua macho. Kama moyo wake unataka maombi, maombi yafanyike pale pale kitandani. Hospitali haizuii dua.

Kwake yeye na kwa mama maneno yanayotosha ni haya: fangasi wameingia kwenye ubongo, wanaziba maji. Ni kweli tupu, na hujalazimika kuongeza neno. Hali ya VVU ni siri ya kaka yako, na sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda. Ulifanya vyema kumwambia daktari, kwa maana matibabu yalihitaji kujua. Kwa mkewe ni tofauti. Ana haki ya kujua, na ana mtoto wa miezi minane ambaye bila shaka bado ananyonya. Kaka akitulia, mkalishe umwambie kwamba hilo haliwezi kusubiri, na kwamba wahudumu wa Kituo cha Tiba na Matunzo wanaweza kukaa nao wawili na kumsaidia kulitamka. Mama huyo na mtoto wapimwe wiki hii. Ikiwa mama ameambukizwa na mtoto hajaambukizwa, ARV za mama na dawa ya kinga ya mtoto zinaweza kumwacha mtoto salama.

Njiwa waacheni. Fangasi huyu hukaa kwenye udongo, kwenye miti iliyooza na kwenye kinyesi cha ndege, vumbi likipeperuka tunalivuta sote, na kwa mtu mwenye kinga nzima mara nyingi haleti shida. Hatoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Mnaweza kula naye, kulala naye chumba kimoja, kumkumbatia. Banda lisafishwe na mtu mwingine, kaka asilifagie. Basi.

Wasomaji wengine mnaotumia ARV, au mlioziacha mkaona aibu kurudi, jueni kwamba fangasi huyu anaonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. CD4, yaani idadi ya chembe za kinga kwenye damu, ikiwa chini ya 200, hasa chini ya 100, ulizia kipimo cha CrAg, ni tone la damu tu. Akikutwa mapema hutibiwa kwa vidonge kabla hajafika ubongoni. Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliochapishwa 2015 uliwapima watu wa namna hiyo, ukawapelekea nyumbani wahudumu wa kujitolea wiki za mwanzo za dawa. Vifo vya mwaka wa kwanza vikapungua kwa asilimia 28. Aliyeacha dawa mwaka mzima arudi kituoni kesho, hata kama kadi imepotea. Watampokea.

Nirudi kwako, mdogo wangu. Siku ya kuruhusiwa, msiondoke wodini mpaka mmehesabu vidonge vya flukonazoli mkononi. Dozi hupungua kwa hatua, kwanza kubwa kwa wiki nane hivi, kisha ndogo kwa mwaka mzima au zaidi mpaka CD4 ipande, na pengo la wiki mbili linatosha ugonjwa kurudi. Kama atakuwa anatumia dawa za kifua kikuu pia, wakumbusheni, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu ya flukonazoli. Na kichwa kikimrudia, au akianza kutapika, au kufumba jicho moja tena, hata kama ni miezi mitatu baadaye na ARV anameza vizuri, mrudisheni siku hiyo hiyo bila kupitia duka la dawa. Mkifika mapokezi, kabla hawajamtoboa kidole kupima malaria, sema hivi: "Alilazwa hapa kwa fangasi wa ubongo, alikuwa akitolewa maji." Na uwaonyeshe lile daftari la baba mdogo.